Brunelleschi, sonara wa Florence aliyefumbua fumbo la boksi lililogeuzwa

Weka kiberiti mezani, ubavu wake mpana ukikuelekea moja kwa moja. Kukichora si kazi: mistari minne, kona nne, umemaliza. Sasa kigeuze kidogo ili kona moja ije mbele yako. Hapo ndipo penseli hukwama. Ubavu mmoja unakimbilia kushoto, mwingine unakimbilia kulia, na ukichora kwa kubahatisha kiberiti kinatoka kimepinda kama kimekanyagwa na ng'ombe.

Wachoraji wa Ulaya walihangaika na jambo hilo kwa mamia ya miaka. Aliyelipatia jibu, zaidi ya miaka 600 iliyopita, hakujulikana mjini kwake kama mchoraji. Alikuwa sonara, mtu mfupi na mwenye hasira za haraka, aliyekuwa ameshindwa hadharani katika shindano kubwa la maisha yake. Jina lake ni Filippo Brunelleschi.

Mtoto aliyekataa kazi ya baba

Filippo alizaliwa mwaka 1377 mjini Florence, Italia. Florence ulikuwa mji tajiri wa benki na biashara ya vitambaa vya sufu. Baba yake, Ser Brunellesco, aliandika na kuthibitisha hati za serikali na za watu binafsi, na alitaka mwanawe ashike kalamu hiyohiyo. Kijana akapenda nyundo na moto. Baba hakumlazimisha, na mwaka 1398 Filippo aliingia katika chama cha wafanyabiashara wa hariri, ambacho masonara nao walikuwa chini yake.

Mwaka 1401 likatangazwa shindano. Matajiri wa Florence walitaka milango mipya ya shaba nyeusi kwa ajili ya jengo la ubatizo, lililo mbele ya kanisa kuu. Washindani saba waliamriwa kutengeneza bamba moja kila mmoja, lenye kisa cha Ibrahimu akiwa tayari kumchinja mwanawe. Mwishoni walibaki wawili: Filippo na kijana mwingine wa umri wa miaka ya ishirini, Lorenzo Ghiberti.

Ghiberti alishinda. Bamba lake lilikuwa jepesi zaidi, maana alilimimina karibu lote kwa mkupuo mmoja na kutumia shaba kidogo, ilhali Filippo alitengeneza sanamu moja moja na kuzipachika juu ya bamba. Kwa mlipaji, kilo za shaba ni pesa. Mabamba yote mawili yapo hadi leo katika jumba la makumbusho la Bargello mjini humo, na watu bado wanabishana ni lipi lililostahili. Mimi naona la Filippo lina nguvu zaidi, lakini si mimi niliyekuwa nalipa.

Filippo aliondoka mjini. Alikwenda Roma pamoja na rafiki yake mdogo, mchongaji Donatello, wakaanza kuchimba na kupima magofu ya Warumi wa kale. Wenyeji waliwaona wakizunguka na vumbi lao, kamba na fimbo za kupimia, wakaamini wanatafuta hazina iliyofukiwa. Kumbe walichokuwa wakikusanya ni vipimo: urefu wa nguzo, upana wa tao, unene wa ukuta. Ukipima jengo kwa namna hiyo unapata vitu viwili, ramani yake ya chini na kimo cha kila kona. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyomfungulia mlango.

Kabla yake walichoraje?

Si kwamba wachoraji wa zamani walikuwa vipofu. Giotto, aliyefariki mwaka 1337, alijua kwamba kitu kinapokwenda mbali hupungua, na kwamba mistari ya dari hushuka na ya sakafu hupanda. Lakini alichora kwa jicho tu. Katika picha za wakati wake meza inaelekea huku na kiti kinaelekea kule, kila kimoja na ulimwengu wake.

Elimu ya mwanga ilikuwepo pia. Huko Cairo, mwanzoni mwa karne ya 11, mwanachuoni Ibn al-Haytham aliandika kitabu kikubwa kuhusu namna jicho linavyoona. Alieleza kwamba mwanga husafiri kwa mistari iliyonyooka kutoka kwenye kitu hadi jichoni. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini na baadaye kwa Kiitaliano, kwa hiyo wasomi wa Italia walikifahamu. Hakikuwa kitabu cha uchoraji, lakini wazo lenyewe lilikuwa pale likisubiri mtu wa mikono: kama mwanga hunyooka, basi ukisimamisha kioo cha dirisha kati ya jicho lako na nyumba, kila kona ya nyumba ina mahali pake pamoja tu kwenye kioo hicho.

Ubao wenye tundu

Kati ya mwaka 1410 na 1425 Filippo alifanya majaribio mawili. Tunayajua kwa sababu Antonio Manetti, mtu wa Florence aliyezaliwa mwaka 1423 na kuandika maisha yake, aliushika ubao wa jaribio la kwanza mikononi na kuutazama mara nyingi.

Kwa jaribio la kwanza alisimama ndani kidogo ya mlango wa kati wa kanisa kuu, akalitazama jengo la ubatizo lililo mbele yake. Jengo hilo lina pembe nane. Ukilitazama kutoka mlangoni, ukuta mmoja unakukabili sawasawa, na kuta mbili za jirani zimekaa mshazari, mmoja ukirudi nyuma kushoto na mwingine ukirudi nyuma kulia. Kwa maneno mengine, kuta hizo mbili ni kama mbavu mbili za kiberiti kilichogeuzwa nusu ya robo duara.

Alilichora kwenye ubao mdogo, sentimita 30 hivi kila upande. Palipokuwa mbingu hakuweka rangi. Alipaka fedha iliyong'arishwa hadi ikawa kama kioo. Kisha akatoboa tundu kwenye ubao, upande wa picha likiwa dogo kama punje ya dengu, upande wa nyuma likipanuka kama faneli.

Mtazamaji aliweka jicho nyuma ya ubao, kwenye tundu, na mkono mwingine akashika kioo mbele ya picha. Hivyo aliiona picha ndani ya kioo. Mawingu halisi ya Florence yalionekana kwenye ile fedha, yakisukumwa na upepo, juu ya jengo lililochorwa. Akishusha kioo, anaona jengo lenyewe. Akipandisha, anaona picha. Mistari ilikaa palepale.

Kwa nini tundu? Kwa sababu picha ya aina hii ni ya kweli kutoka sehemu moja tu. Ukisogea hatua mbili pembeni, kona zote za nyumba zinahama, lakini rangi kwenye ubao haihami. Filippo alilifunga jicho la mtazamaji mahali lilipokuwa jicho la mchoraji.

Jumba lililotazamwa kwa kona

Jaribio la pili halisimuliwi sana, lakini ndilo linalohusu kiberiti chetu. Alikwenda kwenye uwanja lilipo jumba la serikali ya mji, Palazzo della Signoria, jumba zito la mawe lenye mnara mrefu. Badala ya kusimama mbele yake alisimama kwenye kona ya mbali ya uwanja, mahali ambapo pande mbili za jumba zinaonekana kwa pamoja, kona ikiwa katikati. Boksi kubwa la mawe, limegeuzwa.

Ubao wa safari hii ulikuwa mkubwa, haukufaa kwa tundu na kioo. Akafanya ujanja mwingine: alikata ubao kwa kufuata mstari wa mapaa, akaondoa sehemu yote ya mbingu. Mtu akiunyanyua uwanjani, mbingu ya kweli inaonekana juu ya majumba ya rangi.

Kwa nini kona ni ngumu kuliko uso wa mbele? Fikiria barabara iliyonyooka au reli. Ukisimama katikati yake, kingo mbili zinakaribiana hadi zinakutana mbali kabisa, kwenye usawa wa macho yako. Hapo tuna nukta moja ya kukutania, na picha ya mbele kwa mbele inahitaji hiyo moja tu. Boksi lililogeuzwa lina barabara mbili. Mistari ya ubavu wa kulia, ya juu na ya chini, ikirefushwa inakutana kwenye nukta moja mbali kulia. Mistari ya ubavu wa kushoto inakutana kwenye nukta nyingine mbali kushoto. Nukta zote mbili ziko kwenye mstari mmoja uliolala, nao ni usawa wa macho ya anayetazama.

Jaribu mwenyewe. Chora mstari wa kulala karibu na juu ya karatasi. Huo ndio usawa wa macho. Tia nukta moja mwisho wa kushoto na nyingine mwisho wa kulia. Chini ya mstari, lakini usiiweke katikati kabisa, simamisha mstari mfupi wa wima: hiyo ni kona ya kiberiti iliyo karibu nawe. Kutoka ncha yake ya juu na ya chini, peleka mistari hafifu hadi nukta ya kushoto, kisha mingine hadi nukta ya kulia. Amua ubavu wa kushoto uishie wapi, usimamishe mstari wa wima hapo. Fanya vilevile kulia. Umebakiza kifuniko: kutoka juu ya wima wa kushoto nenda nukta ya kulia, na kutoka juu ya wima wa kulia nenda nukta ya kushoto. Mistari hiyo inapokatana ndipo ilipo kona ya nyuma. Hukuikisia, imejitokeza yenyewe.

Sasa swali la kugeuza. Simama ukitazama kiberiti kilichogeuzwa mezani. Nyosha mkono wa kulia ulingane na kingo zinazokimbilia kulia, na mkono wa kushoto ulingane na kingo zinazokimbilia kushoto. Kwa kuwa kona ya boksi ni pembe mraba, mikono yako nayo inafanya pembe mraba, na vidole vinaonyesha zilipo zile nukta mbili. Mtu akikizungusha kiberiti, mikono yako lazima izunguke pamoja, kama imefungwa kwenye mti mmoja. Mkono wa kulia ukisogea kuelekea mbele yako, wa kushoto unaondoka na kwenda pembeni kabisa. Ndiyo maana nukta moja ikikaribia, nyingine hukimbia mbali, mara nyingi hadi nje ya karatasi. Ubavu ambao nukta yake iko karibu unaonekana mwembamba, umebanwa. Ule mwingine unaonekana mpana na mistari yake inakaribia kulala.

Wanaoanza hukosea hapa. Huziweka nukta zote mbili ndani ya karatasi, karibukaribu, na boksi linatoka limechongoka kama linataka kukuchoma jicho. Dawa yake ni ya kifundi: tandika karatasi sakafuni, pigilia misumari miwili mbali nje ya karatasi, tumia uzi badala ya rula.

Na kama una viberiti vitatu mezani, kila kimoja kimegeuzwa kivyake? Kila kimoja kina jozi yake ya nukta. Lakini jozi zote hukaa kwenye mstari uleule wa usawa wa macho, maana meza ni moja na macho ni mawili yaleyale. Hilo ndilo lililokosekana katika picha za kabla ya Filippo, ambapo meza na kiti havikukubaliana. Kiberiti kikiinuliwa upande mmoja, kwa mfano kikiegemea kikombe, hapo nukta moja huacha ule mstari na kupanda juu au kushuka chini. Utaliona hilo pia ukiinamisha simu yako kupiga picha ya mnara wa kanisa au msikiti ulio mrefu: kuta za wima zinaanza kukaribiana juu.

Mtu asiyependa kuandika

Filippo hakuandika kitabu kuhusu ugunduzi wake. Alikuwa msiri kupita kiasi. Mhandisi mmoja wa Siena, Mariano Taccola, aliandika mazungumzo yao, na humo Filippo anamwonya asiwaonyeshe watu wengi uvumbuzi wake, kwa sababu wasiojua huanza kwa kuudhihaki na miezi michache baadaye hujitangaza kuwa wao ndio wenyewe. Mwaka 1421 serikali ya Florence ilimpa haki ya pekee ya miaka mitatu juu ya chombo chake cha kusafirisha mizigo mtoni, mojawapo ya hataza za kwanza kabisa zinazojulikana duniani. Chombo chenyewe hakikumletea heri: kilipoteza shehena ya marumaru nyeupe katika Mto Arno, na hasara ikawa yake.

Siri ya mistari ilitoka kwa njia ya marafiki. Masaccio, kijana aliyechora vizuri kuliko wote wa wakati wake, alichora kwenye ukuta wa kanisa la Santa Maria Novella, karibu mwaka 1427, chumba chenye dari ya tao kinachoonekana kama kimechimbwa ndani ya ukuta. Halafu Leon Battista Alberti akaandika kitabu kuhusu uchoraji mwaka 1435, na mwaka uliofuata nakala ya Kiitaliano aliitanguliza kwa barua kwa Filippo. Alberti alifundisha sakafu ya vigae inayoelekea nukta moja, mambo ya mbele kwa mbele. Boksi lililogeuzwa lilisubiri zaidi. Piero della Francesca aliandika juu ya maumbo yaliyogeuzwa katika karne hiyohiyo; Mfaransa Jean Pélerin alichapisha mwaka 1505 kitabu chenye picha za vyumba na majengo yaliyotazamwa kwa kona; na uthibitisho wa kihisabati kwamba kila kundi la mistari sambamba lina nukta yake ulitolewa na Guidobaldo del Monte mwaka 1600. Filippo alikuwa amekwisha kufa zamani.

Kuba na jela

Wengi wanamkumbuka kwa kitu kingine. Kanisa kuu la Florence lilikuwa limejengwa kwa zaidi ya miaka 100 na bado lilikuwa na tundu kubwa juu, upana wa mita 45 hivi, ambalo hakuna aliyejua namna ya kuliziba. Mbao za kutosha kutegemeza kuba la ukubwa huo wakati wa ujenzi zisingepatikana kwa urahisi. Filippo alisema atajenga bila kiunzi hicho. Kazi ilianza mwaka 1420, na kwa mara nyingine Ghiberti aliwekwa kando yake, safari hii kama msimamizi mwenza. Manetti anasimulia kwamba Filippo alijilaza kitandani akijifanya mgonjwa ili ionekane wazi kwamba mwenzake hawezi kuendelea peke yake.

Alijenga kuba mbili, moja ndani ya nyingine, matofali yakipangwa kwa mtindo wa mifupa ya samaki ili kila mstari ujishikilie kabla chokaa haijakauka. Matofali yanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni nne. Maksai walizungusha mtambo wa kunyanyua mizigo ambao ungeweza kupandisha na kushusha bila kuwageuza wanyama.

Mwaka 1434, kuba likiwa karibu kumalizika, chama cha mafundi mawe na mbao kilimfunga jela kwa kutolipa ada ya uanachama. Wasimamizi wa kanisa walijibu kwa kumfanya kiongozi wa chama hicho naye awekwe ndani, na Filippo akatoka baada ya siku chache. Mwaka huohuo kijana aliyemlea kama mwanawe, Buggiano, alimtoroka na pesa na vito hadi Napoli. Baadaye alirudishwa, na Filippo akamwachia urithi wake. Tarehe 25 Machi 1436 Papa Eugenius wa Nne aliliweka wakfu kanisa.

Filippo alifariki tarehe 15 Aprili 1446, wakati mnara mdogo wa marumaru wa kileleni ndiyo kwanza umeanza. Buggiano ndiye aliyemchongea sanamu ya uso iliyowekwa ukutani mwa kanisa. Kaburi lenyewe lilisahaulika chini ya sakafu mpaka lilipofukuliwa mwaka 1972.

Zile mbao mbili zimepotea. Jumba la serikali bado lipo, na watalii hulipiga picha kwa simu kutoka konani, pande mbili kwa pamoja. Upande wa kusini wa kanisa kuu ipo sanamu ya Filippo iliyochongwa na Luigi Pampaloni katika karne ya 19. Ameketi, mchoro uko magotini, na macho ameyainua kulitazama kuba.